Kuvuka Mlima Kenya kutoka Chogoria hadi Sirimon: tenga siku sita, moja uimalize kule bondeni

Wengi wakisema wanaenda Mlima Kenya wanamaanisha kilele cha Lenana tu, wanatoka Nairobi Ijumaa, wanapandia Sirimon na kushukia hapo hapo Sirimon, Jumapili usiku wako nyumbani na picha ya kileleni na kichwa bado kinagonga. Inawezekana ndio, lakini mlima huujaona. Kama miguu iko sawa naomba upandie Chogoria, upande wa mashariki, ushukie Sirimon karibu na Nanyuki. Safari hio inauzwa sana sana kwa siku nne au tano, mimi nakwambia tenga sita, na hio siku ya ziada usiipeleke kileleni, ibaki Gorges Valley, bonde lililo njiani.

Sababu ni hii. Lenana ni mita 4,985. Ukishapita mita 3,000 ushauri wa madaktari ni kwamba usipandishe mahali pa kulala zaidi ya kama mita 500 kwa usiku mmoja, alafu upumzike kila baada ya siku tatu nne. Sasa angalia Chogoria ilivyokaa: geti liko karibu mita 2,950, Ziwa Ellis kama 3,500, Ziwa Michaelson kama 4,000, kambi ya Mintos karibu 4,300. Ni kama mtu alipanga ngazi. Ukizifuata polepole mwili unazoea wenyewe.

Mambo ya kufanya kabla. KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia mbuga, hawaruhusu mtu kupanda peke yake kwa hivyo tafuta mwongozaji, Chogoria na Nanyuki wako wengi na wana vyama vyao, na mkubaliane mapema kabisa kuhusu pesa ya siku, chakula chao na mahali watalala. Angalia pia kama pota wako, yaani mbeba mizigo, ana jaketi na viatu vya maana, kama hana msaidie kupata, usimpandishe mtu kwenye barafu na ndala wewe ukiwa umevaa glovu mbili. Malipo ya kuingia ni kwa eCitizen, tovuti ya serikali, fanya ukiwa bado na mtandao. Chupa za maji za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwenye mbuga tangu Juni 2020, beba chupa ya kudumu.

Msimu mzuri ni Januari na Februari, alafu Julai mpaka Septemba. Upande wa Chogoria ndio unapata mvua nyingi kuliko Sirimon, na ile barabara ya msituni kutoka mjini hadi getini ikinyeshewa ni matope matupu, bila gari la fobaifo (4x4) mnasukuma. Kuna ndovu na nyati kwenye huo msitu, kwa hivyo usitembee hapo alfajiri ama jioni kuokoa pesa ya gari. Kutoka Nairobi panda matatu za Meru, zinapita Embu na Chuka, shuka Chogoria.

Siku ya kwanza ni fupi, geti hadi Ziwa Ellis, unatoka kwenye mianzi na miti mikubwa unaingia kwenye nyasi na vichaka. Usikimbie hata kama unajisikia na nguvu. Siku ya pili ndio mambo yanaanza, unatembea juu ya ukingo na Gorges Valley iko chini yako, bonde refu lililochongwa na barafu zamani, kuta zake wima kabisa, maporomoko ya Vivienne unayaona yakimwagika kule ndani, na pande zote kuna mimea ya mlimani, lobelia na senesio, imesimama imekuzidi urefu. Ondoka mapema, manake asubuhi ni kweupe lakini kuanzia saa nne saa tano mawingu yanapanda kutoka chini na yakishafunga hata mtu aliye mbele yako humuoni. Hapo kaeni pamoja, asiwepo wa kutangulia wala wa kuachwa nyuma. Kushuka kwenda Ziwa Michaelson ni mteremko mkali wenye mawe yanayoteleza, fimbo mbili zinaokoa magoti.

Piga kambi hapo ziwani, na kesho yake usihame. Hii ndio siku ninayokuombea. Acha tenti, panda na begi dogo mpaka Hall Tarns, vidimbwi vilivyo juu ya ule ukuta wa mwamba wanaouita Temple, ukae huko uangalie ziwa likiwa karibu mita 300 chini ya miguu yako, alafu urudi ulale chini. Panda juu lala chini, mwili unazoea vizuri sana kwa njia hio. Kaa mbali na ukingo upepo ukiwa mkali. Mchana jioni tembea kando ya maji, huu ndio mto Nithi unapoanzia, ule ule uliopa kaunti ya Tharaka-Nithi jina lake na unaoishia Tana, kwa hivyo sabuni na choo viwe mbali na maji kabisa, kuna watu wanakunywa huko chini.

Siku ya nne sogea Mintos, mwendo mfupi, kula na ulale mapema. Kwenye saa nane usiku mnaanza kupanda Lenana, jua linatoka karibu saa kumi na mbili na nusu, na vile vilele viwili virefu zaidi, Batian (5,199) na Nelion (5,188), viko hapo mbele yako vinageuka rangi. Huo mwendo wa usiku ni mgumu, baridi iko chini ya sifuri, hatua ndogo, usisimame muda mrefu.

Kuhusu ugonjwa wa mwinuko, ule unaoletwa na hewa nyepesi ya juu, sikiza vizuri. Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula ni kawaida, baki hapo ulipo usipande mpaka kiishe. Lakini mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuongea ovyo, kukohoa povu ama kuhema akiwa amekaa tu, mteremsheni saa hio hio hata kama ni usiku wa manane, msingoje asubuhi na msimwache peke yake. Dawa za kuuzuia kama Diamox muulize daktari kabla ya kutoka nyumbani.

Chakula: kwenye mita 4,000 maji yanachemka kwa nyuzi kama 86 tu, maharage hayataiva hata uchome mtungi mzima wa gesi. Beba vitu vya haraka, tambi, uji, ndengu ulizopika na kukausha nyumbani, njugu, chapati za siku mbili za kwanza, na sukari na tangawizi ya chai kwa wingi. Maji ya kunywa yaache yachemke dakika tatu. Moto wa kuni usiwashe, ile nyika ikishika hawaizimi kirahisi. Pimbi wa kambini wataingia kwenye begi lolote lililo wazi.

Nguo si lazima uvunje benki, kwenye masoko ya mitumba ya Nairobi, Gikomba na Toi, utapata jaketi za nguvu, ila pamba na jinzi acha nyumbani manake zikilowa hazikauki. Begi la kulalia ndio usibane pesa, tafuta linalovumilia nyuzi kumi chini ya sifuri. Tochi ya kichwa na betri za ziada, simu na pawabenki lala nazo ndani ya begi, baridi inamaliza chaji.

Kutoka Lenana unashuka kaskazini kwenye kokoto hadi kambi ya Shipton's, mita 4,200, mnakunywa chai, na kama magoti bado yana nguvu endelea na bonde la Mackinder mpaka kambi ya Old Moses, mita 3,300, kama kilomita 14. Mimi ningelala Shipton's tu, bonde hilo lina haki yake ya kuonekana asubuhi. Siku ya sita mnatoka geti la Sirimon, hakuna matatu hapo, panga gari ama bodaboda ya Nanyuki kabla hujapanda mlima, na wape mapota bahasha zao mkononi kila mtu yake kabla ya kuachana.