Jinsi ya kuchagua kitabu cha marudio cha mtihani wa SAT ukiwa Mombasa

Kila mwaka, watahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, wanapoweka kalamu chini mwezi wa Novemba, hunijia wazazi na vijana wanaotaka kujiandaa kwa SAT, mtihani ambao vyuo vikuu vingi vya Marekani huutumia kuwapima wanaoomba nafasi za masomo. Wengi huja wakiwa wameshanunua kitabu. Mzee mmoja alivuka feri kutoka Likoni akiwa amekipakata kitabu kinene mfano wa tofali, akakiweka mezani, akaniuliza, "Mwalimu, hiki kitamtosha binti yangu?" Nilipofungua kurasa za mwanzo nilikuta alama ya juu kabisa imetajwa kuwa 2,400. Ilinibidi nimweleze kwa upole kwamba mfumo huo wa alama ulikoma mwaka wa 2016, na kwamba fedha alizozitoa kwa taabu zilinunua mazoezi ya mtihani ambao haupo tena. Sikupenda kuuona uso wake wakati ule, na tangu siku hiyo huwaomba watu wanijie kabla ya kwenda dukani.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba mtihani wenyewe unahitajika. Baada ya mwaka wa 2020 vyuo vingi vya Marekani viliacha kuulazimisha. Vingine, kama MIT, Dartmouth na Harvard, vimeurudisha, ilhali vyuo vya umma vya University of California havizingatii alama zake kabisa katika kumpokea mwombaji. Kwa hiyo andika orodha ya vyuo unavyovitaka, soma masharti ya kila kimoja pamoja na ya ufadhili wake wa masomo, kisha ndipo ufikirie kitabu.

La pili ni kujipima bure. College Board, shirika linalouandaa mtihani huu, hutoa majaribio kamili bila malipo kupitia programu yake iitwayo Bluebook, na Khan Academy hutoa mazoezi na masomo ya bure yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na shirika hilo hilo. Programu ya Bluebook haifanyi kazi kwenye simu. Inahitaji kipakatalishi au tableti ya aina inayokubalika, kwa hiyo asiyekuwa nacho nyumbani na aazime kwa ndugu au aombe shuleni, akae nacho asubuhi moja bila kusumbuliwa. Fanya jaribio moja zima kwa muda uliowekwa kabla ya kutoa hata shilingi moja. Alama utakazopata si za kujivunia wala za kukuvunja moyo. Kazi yake ni kukuonyesha upungufu uko wapi, kwa sababu kitabu kinachomfaa mwanafunzi anayepoteza alama katika aljebra si lazima kimfae anayepotezea alama zake katika ufahamu. Wako hata watakaogundua kwamba zana hizo za bure zinawatosha, na hao wasinunue kitabu.

Anayehitaji kitabu anapaswa kwanza kuujua mtihani ulivyo leo. Tangu Machi 2023, watahiniwa walio nje ya Marekani wanaufanya kwa kompyuta, na Marekani yenyewe ilifuata Machi 2024. Unachukua saa 2 na dakika 14. Sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 yanayojibiwa kwa dakika 64, na ile ya hisabati ina maswali 44 yanayojibiwa kwa dakika 70. Kila sehemu imegawanywa katika moduli mbili, na ugumu wa moduli ya pili hutegemea jinsi mtahiniwa alivyojibu ya kwanza. Alama huanzia 400 hadi 1,600. Vifungu vya kusoma ni vifupi, kati ya maneno 25 na 150, na kila kimoja kina swali moja tu. Kikokotoo kinaruhusiwa katika hisabati yote, na kimewekwa tayari ndani ya programu.

Ukiyashika hayo, utaweza kukijua kitabu cha zamani hata kama ukurasa wa mwaka wa kuchapishwa umechanika, jambo ambalo ni la kawaida kwa vitabu vya mitumba vinavyopangwa kando ya barabara zetu za katikati ya mji. Kikiwa na maswali ya kulinganisha uhusiano wa jozi za maneno, ni cha kabla ya mwaka wa 2005. Kikiwa na alama 2,400, machaguo matano badala ya manne, na sentensi za kujazwa maneno magumu, ni cha kabla ya mabadiliko ya 2016. Kikiwa na vifungu vya kusoma vinavyojaza ukurasa mzima na sehemu ya hisabati inayokataza kikokotoo, ni cha mtihani wa karatasi uliofuata. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kitabu cha zamani hakiishii kupoteza muda; kinafundisha tabia zenye madhara. Kabla ya 2016 jibu lisilo sahihi lilipunguziwa sehemu ya alama, kwa hiyo vitabu vya wakati huo vilimshauri mwanafunzi aliache wazi swali asiloliweza. Leo hakuna adhabu ya kukosea, na anayeacha pengo anajinyima nafasi ya bure.

Sasa tufike kwenye kipimo ninachokithamini kuliko vyote, nacho ni ubora wa maelezo ya majibu. Maswali utayapata bure. Kinachostahili fedha zako ni mafundisho. Kwa hiyo ukiwa dukani usianze na jalada wala hesabu ya maswali iliyotangazwa juu yake, bali fungua nyuma, kwenye majibu, usome maelezo matatu au manne kwa utulivu. Chukua mfano huu. Doti ya kanga inauzwa shilingi 1,000. Muuzaji anapunguza bei kwa asilimia 20, kisha baada ya sikukuu anaiongeza bei hiyo mpya kwa asilimia 20. Bei ya mwisho ni ipi kati ya 960, 1,000, 1,040 na 1,200? Kitabu dhaifu kitaandika kwamba 800 mara 1.2 ni 960, na kuishia hapo. Kitabu kizuri kitaendelea kueleza kwamba aliyechagua 1,000 amedhani punguzo na nyongeza vinafutana, akasahau kuwa asilimia 20 ya 800 ni 160, si 200. Kwamba aliyechagua 1,200 ameliacha punguzo kabisa. Na kwamba aliyechagua 1,040 ameiona tofauti ya asilimia 4 lakini akaielekeza juu badala ya chini. Maelezo ya namna hii yanamshika mwanafunzi mkono pale pale alipoteleza, na asipoyapata ataliona jibu sahihi, atatikisa kichwa kukubali, kisha wiki ijayo atarudia kosa lile lile.

Mwanafunzi aliyesoma katika shule zetu ana haja ya pekee hapa. Katika KCSE amezoea kuonyesha hatua za hesabu na kupewa alama za njia hata jibu la mwisho likiwa na kasoro. SAT haioni njia. Inaona jibu tu, na takriban robo ya maswali ya hisabati hayana hata machaguo, bali jibu huandikwa na mtahiniwa mwenyewe. Tafuta kitabu kinachofundisha kulihakiki jibu upesi, na chenye sura kuhusu kutumia kikokotoo kile cha grafu kilichomo ndani ya programu, maana hiki ni kifaa ambacho wengi wa wanafunzi wangu hawakuwahi kukigusa darasani. Vipimo vya futi na inchi pia huwababaisha waliokulia kwenye mita, ingawa wiki moja ya mazoezi hutosha kuliondoa tatizo hilo.

Kwa upande wa lugha, kuna kosa moja linalotuhusu sisi hasa. Kwa Kiswahili tunasema, "Aliamka, akaoga, akaenda sokoni," na sentensi yetu ni safi kabisa, kwa kuwa kiambishi -ka- kinaunganisha matendo na mkato unatosha kuyatenga. Mwanafunzi akiuhamishia Kiingereza mtindo huo wa kuunga kwa mkato peke yake, anaandika sentensi mbili kamili zilizogandishwa pamoja, na hilo ni miongoni mwa makosa ambayo SAT huyapima mara kwa mara. Kabla ya kununua, tafuta sura ya alama za uandishi, uone kama kanuni ya mkato, nukta-mkato na nukta mbili imeelezwa kwa mifano ya kutosha au imepitiwa juu juu. Sura hiyo ikiwa ya kurasa mbili tu, rudisha kitabu mahali pake.

Angalia vilevile jinsi kitabu kinavyoshughulikia suala la moduli zinazobadilika. Karatasi haiwezi kubadilika yenyewe, lakini kitabu makini huweka moduli mbili za pili, moja nyepesi na moja ngumu, pamoja na maelekezo ya ipi ufanye kulingana na matokeo ya ya kwanza. Kisichogusia jambo hilo mahali popote kimeandikwa kwa haraka, au kimebadilishwa jalada tu. Na kitabu kinachoahidi idadi fulani ya alama kitakazokuongezea, mimi hukiweka kando bila kukifungua.

Kuhusu mahali pa kupata, anza na maktaba ya umma na ile ya shule yako, kisha maduka ya vitabu ya mjini, ambako matoleo mapya mara nyingi hulazimika kuagizwa. Basi uliza mapema, taja mwaka wa toleo unalolitaka, na usikubali kulipa kabla ya kulikagua. Nakala zinazozunguka kwenye makundi ya simu, zikachapishwa saiba na kufungwa kwa plastiki ya kujizungusha, nazikataa kwa sababu mbili: ni wizi wa kazi ya mtu, na mara nyingi kurasa za majibu hazimo, yaani kile tulichokuwa tunakitafuta tangu mwanzo. Wanafunzi wawili au watatu wa mtaa mmoja wanaweza kuchangia kitabu kimoja halali, mradi wakubaliane kuandika majibu kwenye daftari na kuacha kurasa safi.

Ukishakipata, soma sura za upungufu wako kwanza, wala usijilazimishe kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Majaribio rasmi ya Bluebook ni machache, kwa hiyo yatunze: moja umelitumia kujipima, la pili lifanye katikati ya safari, na angalau mawili yabaki kwa wiki za mwisho. Lile la mwisho kabisa lifanye wiki moja kabla ya siku yenyewe, asubuhi, ukiwa umekaa mezani na kifaa kile kile utakachokibeba kwenye mtihani, chaji ikiwa imejaa na karatasi tupu ya kufanyia hesabu ikiwa kando yako.