Somo: Kuotesha mitende ya baridi hapa Mwanza na kuipeleka nyanda za juu

Salamu wanakikundi. Somo hili mmeniomba tangu nilipoleta ile miche yenye manyoya kwenye kikao chetu cha Nyegezi. Nimelichelewesha kwa sababu linaanza na hasara yangu mwenyewe, na hasara ya miche sita bado inaniuma.

Mdogo wangu anaishi Makete, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Alipokuja kunitembelea aliipenda ile mitende mirefu yenye shina laini la kijivujivu, ile inayopangwa mistari miwili kwenye mageti ya hoteli. Wataalamu wanaiita Roystonea regia, na kwao ni Cuba na nchi za jirani. Nikampa sita. Desemba ikapandwa, Machi ikatoa jani jipya, tukapongezana kwa simu. Julai akanitumia picha. Majani yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na lile jani changa la katikati, lililokunjwa kama mkuki, alilivuta kwa vidole viwili likatoka lote. Akaniambia ncha yake ya chini inanuka kama sato aliyelala nje.

Nililaumu jalidi, ule umande unaoganda alfajiri. Ni kweli ilihusika, kwa sababu mtende ule haujaumbwa kwa barafu. Lakini kwenye safari hiyo hiyo nilikuwa nimempa mikindu miwili ya kwetu, na mmoja ukaoza vilevile wakati wa pili, alioupanda nyuma ya banda la ng'ombe akausahau, haukuungua hata ncha. Nikamuuliza anamwagiliaje. Akajibu kwa fahari: "Kila jioni dada, kopo zima, namimina katikati kabisa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwembe ukikatwa kilele unachipua pembeni. Mtende wenye shina moja una moyo mmoja tu, pale katikati yanapotokea majani. Baridi huudhoofisha moyo huo, kisha maji yaliyotuama ndani yake usiku kucha yanaleta uozo, na uozo ndio unaomaliza kazi. Hatua zote hapa chini zinarudi kwenye jambo hilo.

Hatua ya kwanza: chagua kwa kuangalia alfajiri, si mchana

Sisi wa ziwani baridi hatuijui. Uso wa ziwa wenyewe uko mita 1,134, lakini maji mengi vile hukusanya joto mchana na kulirudisha usiku, hivyo kipupwe chetu cha Juni na Julai ni cha sweta nyepesi tu. Njombe, Makete na Kitulo mchana wa Julai una jua zuri, halafu alfajiri majani ya viazi yameungua. Uliza mwenyeji alfajiri mbaya kuliko zote za mwaka ikoje. Akikuambia nyasi huwa nyeupe, chagua katika hawa:

Mtende wa manyoya, Trachycarpus fortunei, asili yake China. Shina limevikwa nyuzi za kahawia kama gunia lililochakaa, na Wachina wamezisokota kamba na kushona makoti ya mvua kwa karne nyingi. Ukishakomaa unavumilia hadi karibu nyuzi 15 chini ya sifuri. Mwaka 1849 Mskoti Robert Fortune aliutuma Uingereza, na mpaka leo unaota nje kwenye bustani za huko. Kwa Makete huo ndio chaguo langu la kwanza.

Chamaerops humilis, wa pwani za Hispania, Italia na Morocco, ni mfupi na huota kwa kichaka. Unavumilia hadi nyuzi 8 au 10 chini ya sifuri, ila unataka pakavu. Butia odorata wa kusini mwa Brazil na Uruguay una majani ya rangi ya majivu na matunda ya kutengenezea jemu.

Na mkindu wetu, Phoenix reclinata, uliojaa kwenye mabonde ya maji huku kwetu. Watu wanaudharau kwa sababu ni wa bure. Jalidi nyepesi unaihimili, na ukindu wake utasukia mkeka.

Kuna mmoja ninaoutamani tu: mtende wa nta wa milima ya Andes, Ceroxylon quindiuense, mti wa taifa wa Colombia tangu 1985, unaofika hadi mita 60. Unaishi mita 2,000 hadi 3,000, kwa hiyo Makete ungejiona nyumbani. Kwenye kitalu changu joto lingeutesa, basi nimeuacha.

Hatua ya pili: mbegu

Mbegu ya mtende ikikauka sana imekufa, hata kama kwa macho inaonekana nzuri. Tafuta mbichi. Menya nyama yote ya tunda, sugua kwa mchanga mpaka mbegu iwe safi, kwa maana nyama ikibaki inaalika ukungu. Loweka siku mbili hadi tatu ukibadilisha maji kila asubuhi.

Hatua ya tatu: kuotesha

Hapa Mwanza tumependelewa. Mbegu hizi zitavumilia baridi zikishakuwa miti, lakini kuota zinataka joto. Ndiyo maana nasema otesha huku, kisha pandisha juu. Chukua mchanga wa mto uliooshwa, changanya nusu kwa nusu na pumba za mpunga zilizochomwa nusu (mashine za Magu wanakuachia kwa bei ya kupakia). Uwe na unyevu wa nguo iliyokamuliwa. Weka mbegu, funika unene wa kidole.

Mimi naweka trei zangu kwenye ubavu wa jiwe. Nani asiye na jiwe uani kwake Mwanza? Jiwe linakula jua kutwa nzima, na saa tatu usiku ukiligusa bado lina uvuguvugu. Trei zilizoegemea jiwe zimewahi zile za kibarazani kwa karibu wiki mbili. Mtende wa manyoya hutoka mwezi wa kwanza hadi wa tatu. Usifukue kila siku kuchungulia.

Mkindu una tabia yake. Mbegu hutoa kwanza mkia mweupe unaozama chini, na jani linatokea huko kwenye mkia, mbali kidogo na mbegu. Mara ya kwanza nilidhani ni funza, nikaanza kuchomoa. Sababu hiyo inatosha kutumia viriba virefu, si vile vifupi vya nyanya.

Hatua ya nne: kiribani

Udongo wa msitu sehemu mbili, changarawe moja, pumba moja, na samadi iliyooza kabisa nusu sehemu. Mwagia kiriba maji: yakisimama juu mpaka ukahesabu kumi, ongeza changarawe. Baada ya miezi minne nyunyiza kiganja kidogo cha mashudu ya pamba kwa kila viriba vitano, pembeni. Vumbi la dagaa nalo ni mbolea nzuri, ila paka wa mtaa mzima watakuja kufukua.

Majani ya mwanzo ya mtende wa manyoya ni membamba, marefu, kama nyasi. Majani ya umbo la feni huja baadaye sana, pengine mwaka wa pili na zaidi. Waambie wote wa nyumbani. Kijana aliyekuwa ananisaidia palizi aling'oa arobaini na kuvirudisha viriba vimepangwa vizuri kabisa, visafi, akasubiri sifa.

Hatua ya tano: kuzoesha na kusafirisha

Mche wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili ndio wa kusafiri. Mwezi mmoja kabla, toa kivuli kidogo kidogo na punguza maji. Usimwagilie siku ya safari. Kutoka Mwanza hadi Makambako kupitia Singida, Dodoma na Iringa ni njia ndefu, na buti la basi lina joto. Kuna basi lililonifikishia boksi likiwa limelazwa chini ya gunia la mchele. Tangu hapo natoboa boksi pande zote na kumpa kondakta maelezo mbele ya abiria, aone haya. Ikifika, miche ikae chini ya upenu wiki mbili tatu kabla ya kuingia ardhini.

Hatua ya sita: kupanda

Nyanda za juu kusini mvua huanza Novemba. Panda hapo, ili mizizi iwe imeshika kabla ya Juni. Bondeni usipande kabisa, kwa sababu hewa baridi ni nzito, inateremka usiku kama maji na kutuama chini. Katikati ya mteremko ni bora. Ukiwa na ukuta, panda upande wake wa kaskazini, maana Juni jua liko kaskazini na ukuta utalitunza joto kama jiwe langu.

Shimo liwe pana kuliko kina. Mche ukae usawa uleule uliokuwa nao kiribani, au inchi moja juu zaidi kama udongo ni mzito. Ukiuzamisha, umeuzika moyo. Tandaza nyasi kavu, ukiacha kiganja kimoja wazi kuzunguka shina.

Hatua ya saba: vipupwe viwili vya kwanza

Mwagilia asubuhi, chini, kwenye udongo. Moyoni usitie hata tone. Usiku unaotisha, yaani anga safi, nyota kali, hakuna upepo, kusanya majani juu uyafunge kwa kamba laini, kisha visha gunia la katani. Nailoni isiguse majani. Jua likitoka, vua. Ukiliacha gunia wiki nzima kwa uvivu, umetengeneza chumba cha uozo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Ukerewe: Shikamoo mama. Huu wa manyoya nikiupanda huku kisiwani utakubali?

Marahaba mwanangu. Utakubali, lakini joto litauchosha, hautakuwa na raha. Wewe panda mkindu. Mnazi pia utaota, ila unapenda wastani wa nyuzi 27 hivi kama pwani, na sisi tuko chini ya hapo, hivyo utakwenda polepole.

Mwanachama wa Njombe: Mama, majani ya chini yana madoa ya njano na rangi ya chungwa. Nikate yapendeze?

Usikate. Mti umepungukiwa potasi, na sasa unaichukua kwenye majani ya zamani kulisha machanga. Ukikata unaupokonya akiba, halafu njano inapanda jani la juu yake. Tandaza majivu kidogo ya jikoni mbali na shina, funika na mboji, kata jani likishakauka lote. Yakiwa majani mapya ndiyo yanayojikunja na kukauka, hilo ni tatizo jingine, nitumie picha.

Mwanachama wa Igoma: Jani la katikati limetoka mkononi kama ulivyoeleza. Nitupe mche?

Subiri kwanza. Futa uchafu wote, pinda mche kidogo maji yatoke, mimina dawa ya ukungu ya kopa (yenye shaba) kwa kipimo cha kwenye pakiti, uache juani na uufunike mvua ikija. Shina likiwa gumu ukilibonyeza, una nafasi. Unaweza kukaa miezi mitatu bila dalili, kisha likatokea jani fupi lenye kilema. Shina likilainika kama ndizi mbivu, ng'oa uchome.

Mwanachama wa Magu: Majani yamekatwa umbo la pembetatu kama kwa mkasi, na kuna tundu karibu na moyo.

Huyo ni chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayesumbua minazi. Chukua waya wa spoku, kunja ncha kama ndoano, mtoe. Halafu tazama rundo lako la samadi na magogo yaliyooza, maana huko ndiko wanakozaliwa. Geuza rundo mara kwa mara, kuku watafanya mengine.

Mwanachama wa Mbeya: Naweza kuagiza mbegu nje ya nchi?

Unaweza, ila pata kwanza kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, na muuzaji aambatanishe cheti cha afya ya mimea cha nchi yake. Usizifiche kwenye viatu vya mgeni. Ugonjwa mmoja wa minazi ukiingia hivyo, Pwani nzima italia.

Mwanachama wa Makete: Dada, ni mimi. Ule mkindu wa nyuma ya banda sasa umenipita kimo. Mke wangu anasema tuuhamishie mbele, wageni wauone.

Mwambie wifi namsalimu. Usiuguse. Hamisha kiti cha wageni.