Jinsi ya kumbana mtu wa "haijawahi kutokea"

Wakuu, huku Mtwara TMA (wale wa hali ya hewa) wakitangaza kimbunga tu lazima kijiweni atokee mtu aseme mimi toka nizaliwe sijaona kimbunga hapa, hakiji hicho. Usimbishie. Muulize umejuaje? Atasema miaka yote hakijaja. Sawa, na kwa nini mwaka huu ufanane na ya nyuma? Atajibu mbona siku zote inakuwa hivyohivyo, basi mshike hapohapo, maana kaleta kilekile tunachobishania eti ndo ushahidi. Mwanafalsafa David Hume wa Scotland aliandika hili mwaka 1739 na mpaka leo wanafalsafa hawajakubaliana jibu, yeye alisema ni mazoea ya akili tu, ila hakusema tuache kutegemea jana. (Kama ni mzee anza na shikamoo, na huyo Hume usimtaje kabisa.)

Halafu dai sababu, hapa ndo penyewe. Kimbunga kinajikunja kwa msaada wa dunia kuzunguka, na ukikaribia ikweta msaada huo unapungua, sisi tuko kama digrii 10 kusini kwa hiyo ni nadra ila hatuna kinga. Hii inazidi kuhesabu miaka kwa mbali, japo Hume angekuuliza hiyo sababu nayo umeijuaje kama sio kwa kuangalia yaliyopita, na angekuwa na haki.

Kisha tafuta kinachopinga. Kipo: Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi, na Mei 2024 kimbunga Hidaya akatupitia, mafuriko Kilwa, barabara ya Dar ikakatika. Ila Kenneth wa Aprili 2019 ndo alituharibia, tulijiandaa Mtwara nzima akaingia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma tu hapo, watu wakajifunza kwamba TMA wanatisha bure!

Kutafuta kinachopinga hatukujaliwa kwa kweli. Mwanasaikolojia Peter Wason mwaka 1960 aliwapa watu namba 2, 4, 6 wabuni kanuni yake kwa kutaja namba zao, wengi wakang'ang'ania za kupanda mbilimbili, 8, 10, 12, kila wakiambiwa sawa wanajiona wamepata, kumbe kanuni ni namba zozote zinazopanda. Wajaribu hapo kijiweni uone.

Mwisho muulize mshkaji, kitokee nini ndo ubadili mawazo? Akitaja hata kimoja endeleeni. Akisema hakuna, agiza kahawa muongee mpira.