SOMO: Boti anaruka kama jini? Soma hapa kabla ya kuniuliza

Jamani, nimechoka. Kila wiki ujumbe ni ule ule: "Kaka, nina ndege ya kivita F-5, napigana kwa bunduki na MiG-21 ya kompyuta kwenye DCS (mchezo wa kompyuta wa kuigiza urubani wa kivita). Inapanda wima, haichoki, mimi naanguka. Nakosea wapi?" Unakosea, ndiyo, lakini si yote ni yako. Naandika mara moja. (Na nikisema boti ni rubani wa kompyuta, si vile vyombo vya Bandari ya Kale.)

Jua hili kwanza. Ndege yako wewe inapigiwa hesabu nzito: upepo kwenye bawa, uzito, injini. Ya boti inapigiwa hesabu nyepesi. MiG-21 ya kweli ina bawa la pembetatu. Ukiikunja kona kali inamwaga kasi kama ndoo iliyotoboka. Ya boti inakunja, na kasi karibu iko pale pale. Isitoshe, boti hana shingo ya kuuma wala jasho la kumwingia machoni.

Hatua ya 1. Fungua kihariri cha misheni (pale mchezoni unapojitengenezea pambano), weka ndege mbili, yako na yake.

Hatua ya 2. Kimo sawa, kasi sawa, mtazamane kwa umbali wa kilomita 20 hivi.

Hatua ya 3. Kiwango cha ustadi wa boti weka cha kati. Ukiweka cha chini kabisa utapata mjinga anayepanda kama roketi, kwa sababu kiwango kinagusa akili na shabaha, hakigusi hesabu ya ndege.

Hatua ya 4. Mafuta: yeye tangi lijae, wewe chukua nusu. Si wizi. Yeye ndiye aliyeanza.

Hatua ya 5. Mzuie asitumie moto wa nyuma (afterburner, ule wa kuipa injini nguvu ya ziada). Hapa ndipo nilipochemka, kwa hiyo soma taratibu. Zuio hili linawekwa kwenye vituo vya njia yake (waypoint, alama anazopitia angani), na amri ya kituo haifanyi kazi mpaka ndege ifike kituoni. Mimi niliiweka kituo cha pili. Boti akaniona kabla hajafika, akaacha njia, akaja kunimaliza na moto umewaka nyuma kama jiko la mkaa linalopepewa. Siku tatu nikaitukana programu, nikaifuta, nikaipakua upya (gigabaiti zile, kwa bando langu!), kumbe kosa ni langu. WEKA KITUO CHA KWANZA, pale pale anapozaliwa. Na ukinakili ndege ili uongeze ya pili katika kundi lingine, fungua uhakikishe amri ipo.

Hatua ya 6. Hewani, akipanda usimfuate. Narudia: usimfuate. Kaa chini, geuka kwa upana, lea kasi yako. Lazima ashuke.

Hatua ya 7. Rekodi kwa Tacview (programu ya kurekodi na kurudia kutazama pambano), kisha tazama kasi na kimo chake kila kona. Hapo utajua kama umeonewa au umezembea.

MASWALI

Tudor_Falcon: Nimefanya yote, hakuna kitu.
Jibu: Zuio umeliweka kituo gani?
Tudor_Falcon: Cha pili.
Jibu: Hatua ya 5. Taratibu.

Mzee Kijana: Somo refu bana, nitumie faili la misheni tu.
Jibu: Hapana.

Kisauni Ace: Labda hujui kuruka. Mimi nawaangusha kila siku.
Jibu: Kwa bunduki, au kwa kombora ukiwa mbali? Nimezungumzia bunduki. Leta rekodi ya Tacview tuione sote.

Bint Mvita: Salaam aleikum kaka. Kwa nini wasimpe boti hesabu kamili kama yetu?
Jibu: Waaleikum salaam dada. Swali zuri. Mosi, ni mzigo: ndege ishirini za hesabu nzito zitaikaba kompyuta. Pili, na hili wengi hawalifikirii, ndege ya hesabu kamili inataka rubani kamili. Wewe bawa likianza kutetemeka unalegeza mkono. Boti angetakiwa kufundishwa hilo kwa kila aina ya ndege, la sivyo angeanza kuzunguka kama pia ya watoto akienda chini. Hesabu nyepesi inamwezesha kutua na kwenda kwa safu bila kugongana. Ukitaka kuona tofauti kwa macho yako, mwache boti azunguke, rekodi. Kisha panda wewe MiG-21 ile ile, mafuta yale yale, uzunguke. Linganisha kasi baada ya mizunguko mitatu.
Bint Mvita: Nimefanya. Wallahi, mimi nilikuwa natambaa, yeye anapepea!
Jibu: Umeona sasa.

Likoni 2: Nje ya mada. Laptopu yangu inajizima ndege zikizidi nne.
Jibu: Joto. Iinue kwa vifuniko vinne vya chupa ya soda, feni ipulize chini yake, na ucheze baada ya Isha, si saa nane mchana.

Bint Mvita: Nami joistiki yangu inavuta kushoto peke yake.
Jibu: Unakaa karibu na bahari?
Bint Mvita: Nyali, dirisha linatazama maji.
Jibu: Huenda ni chumvi na vumbi. Ongeza eneo mfu kidogo kwenye setingi (deadzone, sehemu ya katikati ambapo mtikisiko mdogo wa joistiki hauhesabiwi), na ukimaliza kucheza ifunike kwa leso.