Somo la stoikiometria (hesabu za kiasi cha vitu vinavyoingia na kutoka kwenye mlinganyo wa kemia): mawe kilo 200, chokaa kilo 112, nani kaiba?

Wanafunzi wangu wa jioni hapa Mikindani hawana ugomvi na neno "moli" mpaka wafike kwenye hesabu zake. Hapo madaftari yanafungwa. Basi leo twende kwenye tanuru la chokaa ya matumbawe, ile iliyojenga nyumba na misikiti ya pwani yetu tangu enzi za Kilwa Kisiwani.

Fundi kapanga mawe kilo 200, kachoma, kaacha yapoe, kapima: kilo 112. Mawe yana umbo lilelile, ila ukiokota moja unashangaa lilivyo jepesi. Kijana aliyelinda usiku anaangaliwa kwa jicho la pembeni. Tumtetee kwa hesabu, tukichukulia kwamba mawe yote ni kalsiamu kaboneti tupu.

Hatua ya 1. Andika kilichotokea, usawazishe.

CaCO₃ → CaO + CO₂

Kila upande una kalsiamu 1, kaboni 1, oksijeni 3. Huu umesawazika wenyewe. Usiposawazika, badilisha namba za mbele tu. Ukigusa kinamba cha chini umebadilisha kitu chenyewe: H₂O ukiigeuza H₂O₂ umetoka kwenye maji ya kunywa, umeingia kwenye dawa ya kuoshea vidonda.

Hatua ya 2. Namba za mbele zinahesabu, hazipimi uzito.

Hapa ndipo wengi wanapozama, kwa hiyo tukae kidogo. Mama akisema boga moja kwa nazi mbili, hana maana ya boga kilo moja kwa nazi kilo mbili. Anahesabu. Mlinganyo nao unahesabu chembe, lakini chembe hazihesabiki kwa kidole, ndiyo maana tunazifunga mafungu. Boriti za mikoko huuzwa kwa korija, na korija ni 20, ziwe nyembamba ziwe nene. Idadi moja, uzito tofauti. Moli ni korija ya wanakemia, ila yenyewe ina chembe 6.022 × 10²³.

Hatua ya 3. Tafuta uzito wa moli moja.

Ca ni 40, C ni 12, O ni 16. Kwa hiyo CaCO₃ ni gramu 100, CaO gramu 56, CO₂ gramu 44.

Hatua ya 4. Gramu kwenda moli, moli kwa moli, kisha rudi kwenye gramu.

Gramu 200,000 ÷ 100 = moli 2,000 za mawe. Uwiano ni moja kwa moja, kwa hiyo chokaa ni moli 2,000. Zidisha kwa 56: gramu 112,000, yaani kilo 112. Hewa ya kaboni dioksidi ni 2,000 × 44, kilo 88. Jumlisha: 200 kamili. Kijana hana kosa, kilo 88 zimepaa.

(Na upime kwa mizani. Habari za kangomba, yaani kununua korosho kwa vipimo visivyo rasmi, wakulima wanazijua, sina haja ya kuzirudia.)

Hatua ya 5. Angalia kinachoisha kwanza.

Gesi ya Mnazi Bay, kama ile ya Songo Songo, sehemu yake kubwa ni methani:

CH₄ + 2O₂ → CO₂ + 2H₂O

Una methani gramu 32 na oksijeni gramu 96. Methani ni moli 2 (32 ÷ 16), oksijeni moli 3 (96 ÷ 32). Moli 2 za methani zinataka moli 4 za oksijeni, nawe huna. Oksijeni itaisha kwanza, na yenyewe ndiyo inayoamua: itaunguza methani moli 1.5 tu. Gramu 8 za methani zinabaki.

Maswali ya wanachama

*Masasi:* Shikamoo mwalimu. Kama uwiano wa mawe na chokaa ni moja kwa moja, mbona kilo 200 hazitoi kilo 200?

Marahaba. Umeuchukua uwiano ukaupachika kwenye kilo. Rudi kwenye korija: boriti 20 nene, ukizichonga zikawa 20 nyembamba, idadi haijapungua.

*Kilwa Masoko:* Babu yangu anachoma chokaa. Kwa kilo 200, akishachagua yaliyoiva, hupata kama 95. Anakosea wapi?

Hakosei. Matumbawe yana mchanga na vitu vingine, na mawe makubwa hubaki mabichi katikati. 95 ÷ 112 × 100 ni kama asilimia 85. Tena asingechagua, mizani ingesoma zaidi ya 112, kwa sababu jiwe bichi bado limebeba hewa yake.

*Lindi mjini:* Na maji ya kuizima hiyo kilo 112?

CaO + H₂O → Ca(OH)₂. Moli 2,000 × 18 ni kilo 36, yaani lita 36. Mafundi humwaga zaidi, kwani inachemka na maji mengi huondoka kama mvuke. Simama mbali, linda macho.

*Nachingwea:* Mwalimu, kwenye hatua ya 5, oksijeni ikipungua si inatoka ile hewa ya sumu ya jiko la mkaa? Nimejaribu 2CH₄ + 3O₂ → 2CO + 4H₂O, gramu zako zinaingia zote.

Umenishika. Moli 2 kwa moli 3, kamili: kaboni monoksidi gramu 56, maji gramu 72, jumla 128, hakuna methani iliyobaki. Hesabu yangu ni sahihi kwa mlinganyo niliouandika, lakini moto haukuusoma. Kwa kawaida hutoka mchanganyiko wa hewa zote mbili, na masizi juu yake. Kwenye mtihani fuata mlinganyo uliopewa. Nyumbani fungua dirisha.