Kukokotoa masafa yanayozimwa na kichujio cha T mbili

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia kijana anayejifunza ufundi wa redio, ambaye amplifaya yake ilikuwa ikinguruma kila alipoichomeka kwenye umeme. Kichujio cha T mbili ni saketi ya rezista na kapasita zilizopangwa kama herufi T mbili zilizounganishwa sambamba, nayo huzima masafa mamoja (masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, yaani Hz).

Hatua ya 1. Tambua kwanza mngurumo wenyewe. Umeme wa gridi wa Tanzania na Kenya ni wa Hz 50, na mngurumo wa masafa hayo ndio unaozimwa hapa; ila kapasita iliyochoka baada ya daraja la daiodi (linalogeuza umeme wa AC kuwa DC) huleta mngurumo wa Hz 100, na dawa yake ni kuibadilisha kapasita hiyo, si kuunda kichujio.

Hatua ya 2. Chagua kapasita, kisha utafute rezista kwa fomula f = 1 ÷ (2πRC), ambapo f ni masafa ya kuzimwa (hapa Hz 50), R ni rezista kwa omu na C ni kapasita kwa faradi. Kwa kapasita ya nF (nanofaradi) 47, R ni takriban omu 67,700. Ya dukani iliyo karibu ni ya kilo-omu 68, nayo hutoa Hz 49.8.

Hatua ya 3. T moja ina rezista mbili za R kwa mfululizo na kapasita katika mguu wa kati; nyingine ina kapasita mbili za C kwa mfululizo na rezista katika mguu wa kati. Miguu hiyo ya kati inayoshuka kwenye ethi huhitaji R÷2 na 2C. Unganisha sambamba rezista mbili za kilo-omu 68, na vivyo hivyo kapasita mbili za nF 47.

Hatua ya 4. Pima kila kapasita kabla ya kuilehemu. Hapa ndipo nilipowahi kupoteza usiku mzima nikirudia hesabu ambayo haikuwa na kosa lolote, kumbe kapasita za seramiki zilizoandikwa 473 (yaani nF 47) zilikuwa na nF 43 tu, na masafa yalikuwa yamehamia Hz 54.4. Tangu siku hiyo situmii seramiki za kawaida kwa kazi hii, kwani thamani yake huyumba kwa joto na hata kwa volti. Natumia za poliesta, nazo nazipima zikiwa zimepoa, maana hata joto la vidole husogeza tarakimu ya mwisho ya mita. Ulinganifu una uzito kuliko thamani kamili: zote zikipungua kwa kiasi kilekile, masafa huhama na utayarudisha kwa kubadilisha rezista, lakini zikitofautiana, mngurumo hupungua tu bila kuzimika.

Hatua ya 5. Kichujio hiki kikiwa peke yake hupunguza sauti kuanzia takriban Hz 12 hadi 212, hivyo besi huondoka pamoja na mngurumo. Pitisha tokeo la kichujio kwenye opampu (chipu ya kukuza ishara, hapa ikiipitisha bila kuikuza), kisha rudisha sehemu 9 kati ya 10 zake, kupitia opampu ya pili, kwenye miguu ya kati badala ya ethi. Upana wa masafa yanayopunguzwa utabaki Hz 20.