Nani anashika kifaa, nani anaandika?
Mwalimu anayetaka wasichana wabaki katika masomo ya sayansi, yafaa apange mwenyewe, katika kila jaribio la maabara, nani atashika kifaa na nani ataandika, kisha abadilishe majukumu hayo kipindi kinachofuata. Kikundi kikiachiwa kijipange, mara nyingi msichana hukabidhiwa daftari (eti ana mwandiko mzuri) na huweza kumaliza muhula akiwa hajaunganisha saketi ya umeme hata moja, ilhali kujiamini katika fizikia hujengwa zaidi na mikono iliyokosea ikarekebisha, kuliko na sifa za mdomo. Mbinu hii haifui dafu pale msichana mmoja anapozungukwa na wavulana wanaompokonya kifaa. Hapo ni afadhali kuwaweka wasichana wawili pamoja, hata kama vikundi vingine vitabaki vya wavulana pekee.